Mkwe, Panda Tuagane

Mwaka ule wa hamsini na tisa, Konde nzima hakukuwa na mtu aliyepata kufika Uturuki. Waliokwenda Makka walikuwapo, waliokwenda Bombay walikuwapo, na Mombasa ilikuwa kama kwenda sokoni. Uturuki tuliijua kwa jina tu. Kwa hivyo wifi yangu Mwatum aliposema anakwenda Izmir kumlea mwanawe uzazi, watu walimuuliza kwanza Izmir ni nini, ndipo wakamuuliza atakwendaje.

Mwanawe ni Khairiya, aliyeolewa na Hija wa Tibirinzi, kule Chake Chake. Hija alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Meli yake iliharibika ikavutwa mpaka Izmir, na karakana moja ya bandarini ikaipenda kazi yake, ikambakisha. Akaja likizo, akaoa, akaondoka na mke. Sasa Khairiya alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mwana hurudi kwao kuzaa. Akishindwa kurudi, mama humfuata. Humkanda kwa maji ya moto, humnywesha uji wa pilipili manga, humfunga mkaja tumboni, akakaa naye mpaka arubaini itoke. Khairiya alikatazwa na daktari kupanda chombo. Basi Mwatum ndiye aliyepaswa kufika, na afike kabla ya uchungu, si baada yake. Hakuwa na haja nyengine. Aliuza karafuu zake zote za mwaka ule, akakata tikiti.

Njia alifundishwa na Jaribu, baharia wa Wete, aliyekuwa meli moja na Hija na aliyekaa naye kule mpaka baridi ikamchosha. Ndiye aliyeileta habari ya mimba. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Konde kwa gari ya abiria ya Gulam, akaketi ukumbini kwetu na kuomba sinia, kikombe cha kahawa na kifuu cha nazi. Sinia lilikuwa ghuba ya Izmir. Kikombe, kilichowekwa ukingoni upande mmoja, kilikuwa mnara wa saa wa mjini. Kifuu, ng'ambo ya sinia, kilikuwa Karshiyaka, mtaa anaokaa Hija.

Siku ya kwanza alikuwapo pia Devji, mwenye duka la vitambaa, aliyekuja kuleta doti za kanga. Yeye alikuwa na njia yake.

"Bi Mwatum, kwa nini kujitesa baharini? Ndege ipo. Unguja, Nairobi, Kairo, umefika."

"Na ikiharibika njiani, yashuka wapi?"

"Yashuka chini tu, Bi Mwatum."

"Hiyo ndiyo nisoitaka."

Ilikuwapo na njia ya kufuatana na mahujaji mpaka Jidda, kisha kupanda magari ya nchi kavu kupitia Sham. Jaribu aliikataa. Alisema mpaka mwanamke mmoja avushwe mipaka yote ile, mtoto atakuwa anakwenda chuoni. Njia aliyoikubali ilikuwa ya maji mwanzo mpaka mwisho. Meli ya serikali kutoka Wete mpaka Unguja, hapo meli kubwa mpaka Port Said kupitia Adeni, na Port Said meli ya Waturuki mpaka Izmir.

"Hija atakuja kunipokea," alisema Mwatum.

"Akiwa kazini je? Meli huingia saa itakayo. Lazima ujue kufika mwenyewe." Akaweka kidole ukingoni mwa sinia. "Ukishuka hapa, bahari iweke mkono wa kulia, enda tu. Utauona mnara wa saa, umesimama peke yake uwanjani. Vipando vipo vingi. Ipo gari ya farasi. Ipo basi yenye pembe mbili juu zilizoshika waya, yaenda kwa umeme, haina hata moshi. Na ipo motokaa ndogo wanayopakiana watu wasojuana, kila mmoja akashuka kwake."

"Kama gari ya Gulam."

"Ndogo kuliko ya Gulam, na haina kuku. Lakini wewe hizo zote ziache. Wewe pita mnara, enda gatini, panda chombo cha kuvukia. Muulize mtu, 'Karshiyaka?' Akinyanyua kidevu akafanya 'nch!', usipande."

"Kwani?"

"Akinyanyua kidevu maana yake sicho."

"Kwetu akinyanyua kidevu si ndiyo haya, ingia?"

"Ndivyo nlivojua na mie. Nkapanda. Nkashushwa mtaa mwengine kabisa, nkalala msikitini."

Tulicheka, na Mwatum akamtaka arudie, kidevu kiende juu namna gani. Jaribu akarudia. Mwatum naye akafanya, mara nyingi, mpaka mtu akipita uwanjani akamwamkia yeye humjibu kwa "nch!"

Mambo mengine yalikuwa madogo madogo, lakini Jaribu hakuacha hata moja. Makubadhi ayaache, achukue viatu vya kufunika vidole na soksi za sufi, kwani mvua ya kule ni baridi na huja na upepo. Chai yao haina maziwa, hutiwa katika bilauri nyembamba isiyo mkono, basi aishike ukingoni. Akitosheka alaze kijiko juu ya bilauri, la sivyo watajaza mpaka usiku. Wanawake wengi hawavai buibui, lakini asivue lake, hakuna atakayemuuliza. Na watu wa kule huanza kwa marhaba. "Usikasirike ukadhani wakudai shikamoo. Ndiyo salamu yao. Nawe jibu marhaba, basi, mmeamkiana."

"Yaani hapana mkubwa wala mdogo?"

"Mkubwa hubusiwa mkono. Hilo wanalo."

Kilichomshangaza Mwatum zaidi ni chombo cha kuvukia.

"Kengele ikilia, daraja limeondolewa," alisema Jaribu. "Ukiwa mguu mmoja gatini na mmoja chomboni, chagua. Hakimngoji mtu."

"Na watu wakiwa waagana?"

"Huagana humo humo. Anayemsindikiza mwenziwe hupanda naye, wakaagana mpaka ng'ambo, akarudi na chombo hicho hicho."

"Ati waagana wakenda!" Mwatum alijifunika mdomo kwa kanga. "Hino si adabu. Utamuombaje mtu radhi chombo kikikutikisa?"

Kwetu, anayesafiri safari ya mbali huaga, na kuaga si kupita mlangoni na kupunga mkono. Huingia, huketi, huomba radhi kwa kila alilowahi kulisema na kulitenda, hupewa, hula au hunywa kitu, ndipo akatoka. Akiachwa mtu mmoja, safari ina tobo. Mwatum alianza kuaga mapema. Alimaliza Konde, akamaliza Micheweni, akamaliza Wete. Mpaka kukaribia siku ya meli zilibaki nyumba mbili. Moja ilikuwa ya Bi Kazija wa Kojani, mkunga aliyempokea Khairiya siku aliyozaliwa. Ya pili ilikuwa ya Bi Duni wa Tibirinzi, mamake Hija.

Ya Bi Duni aliiacha nyuma kwa kuiogopa. Bi Duni alitaka kwenda Izmir yeye. Alisema mtoto ni wa mwanawe, na yeye ana nguvu kuliko Mwatum, na pwani ya Chake Chake wanazaa vizuri kuliko watu wa Konde. Aliambiwa mila ni ya mama wa mke. Ndipo akatuma neno: "Basi aje aniage mwenyewe, kwa mdomo wake." Sote tulilijua neno hilo lina uzito gani. Mtu akimlea mkaza mwana bila ya radhi ya mamake mume, kila homa itakayompata mtoto itakuwa na sababu.

Siku ya mwisho kabla ya meli, Mwatum alipanga asubuhi Kojani, alasiri Tibirinzi. Sanduku lake lilikwishapelekwa Wete kwa Jaribu. Mimi nilifuatana naye. Gulam, mwenye gari ya abiria ya Konde, alitushusha njia ya Chwale, tukatembea mpaka pwani, tukavushwa na dau. Kojani ni kisiwa cha wavuvi, nyumba zimebanana, na mgeni akishuka watu wote wanajua kabla hajafika mlango wa kwanza.

Bi Kazija alikuwa haoni tena vizuri. Alimpapasa Mwatum uso, akamtambua, akalia kidogo, kisha akaita kuku akamatwe.

"Bi Kazija, shikamoo yangu yatosha. Nna safari Tibirinzi alasiri."

"Kitovu cha mwanao nlikifukia mie, kwa mkono huno. Utaniaga mkavu?"

Kuku akakamatwa. Wakati anachemka, wanawake wakaanza kuingia, na kila aliyeingia alitaka kuambiwa Izmir iko wapi. Mwatum akaomba sinia. Akaomba kikombe na kifuu. Nilimtazama akiketi kama alivyoketi Jaribu, akiuweka mnara wa saa mahali pake.

"Hapa bahari mkono wa kulia," aliwaambia. "Hapa ndipo chombo. Na chombo cha kule, bibi zangu, hakimngoji mtu. Kengele ikilia, basi. Ukiwa waaga, kimekwenda."

"Hata kama u mzee?"

"Hata ukiwa nani."

"Waturuki hawana huruma," alisema mmoja, na wote wakakubali.

Walitaka kuoneshwa kidevu. Walitaka kujua bilauri inashikwaje. Mmoja alileta pweza mkavu ampelekee Khairiya, na mwengine, kwa kuona pweza, akaenda kuleta wake mkubwa zaidi. Kuku akaiva, tukala na muhogo wa nazi. Bi Kazija akasoma dua, na dua yake haikuwa fupi. Tulipotoka kwenda pwani, madau yote yalikuwa yamelala ubavu juu ya tope, na wenye madau wamelala kivulini.

"Maji yamekupwa, bibi," alisema mmoja bila kuinuka. "Ngojeni yajae."

Yalipojaa, jua lilikuwa linazama na gari zimekwisha njiani. Tukarudi kwa Bi Kazija, naye akafurahi, akasema sasa ataniaga na mimi.

Usiku ule Mwatum alilala na mafungu mawili ya pweza kichwani pake. Asubuhi dau la kwanza likatuvusha, tukaenda mbio kama tunavyojua kwenda wanawake wa makamo, na tulipofika barabarani tukasikia honi ya meli kwa mbali, upande wa Wete. Mwatum aliketi chini, ukingoni mwa barabara, na viatu vyake vipya vya kufunika vidole.

"Mwanangu atazaa peke yake," alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu.

Ndipo tukaiona gari ya Gulam inatoka upande wa Wete, Jaribu amesimama juu ya ubao wa mlangoni.

"Panda!" Alianza kupiga kelele kabla gari haijafika. "Sanduku nshalipakia melini! Nimewaambia mwenyewe yu Mkoani!"

"Nami siko Mkoani!"

"Ndiyo upande! Meli yapita bandari ya Mkoani kuchukua karafuu, kisha ndiyo Unguja. Panda, Bi Mwatum, jamani!"

Tukapanda. Nyuma mlikuwa na nazi, mabiringanya, mzee mmoja na mbuzi wake. Gulam alikuwa dereva mpole, lakini siku ile aliendesha kama gari si yake. Nazi zilikuwa zikiruka. Mzee mwenye mbuzi aliuliza kuna nini, akaambiwa kuna uzazi, naye akasema basi atashuka akirudi, haidhuru.

Tulipokaribia Chake Chake, Mwatum akamgonga Gulam begani kupitia dirisha la nyuma.

"Tibirinzi nna mtu wa kumuaga."

"Bi Mwatum," alisema Gulam, "mimi nikizima gari Tibirinzi, italetwa kahawa. Ikija kahawa, utakuja mkate wa ajemi. Ukija mkate, meli imekwenda."

"Wallahi asema kweli," alisema Jaribu. "Chagua. Bi Duni au meli."

Mwatum alinitazama. Akiteremka, atamkosa mwana. Akipita, atafika kwa mwana na mkono usio radhi. Gari ilikwishaingia Tibirinzi, na nyumba ya Bi Duni ipo ukingoni mwa barabara, na Bi Duni mwenyewe alikuwa barazani anapeta mchele, miguu mitupu, kanga za nyumbani. Aliinua uso. Alituona. Ungo ukasimama mikononi.

"Gulam," alisema Mwatum, "usizime. Punguza tu."

Gulam akapunguza. Mwatum akainama nje ya ubao mpaka nikamshika kiuno.

"Mkwe! Shikamoo! Panda!"

"Nipande wapi? We mwanamke nimekungoja jana mpaka usiku, uji umeganda!"

"Panda tuagane!"

"Garini? Nna mchele mie!"

"Panda nao! Mkwe, nakuomba. Siwezi kuteremka na siwezi kupita."

Bi Duni alitazama mlango wake, akatazama gari, ambayo ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, akaanza kutembea nayo akigomba. Alisema tumekosa adabu. Alisema hata mwizi hupewa nafasi ya kuvaa viatu. Huku anasema, mkono mmoja ulikwishashika ubao, na Jaribu na mzee wa mbuzi wakamvuta, na Gulam akakanyaga mafuta. Mchele mwingi ulibaki barabarani. Ungo alikuja nao.

Wakakaa wawili juu ya magunia, magoti kwa magoti.

"Waniaga ndani ya gari ya nazi," alisema Bi Duni.

"Izmir ndivyo wanavyofanya."

"Basi Izmir hawana mama zao." Akashika ungo kifuani. "Haya, sema ulilonalo."

Mwatum akasema. Aliomba radhi kwa kuchelewa, kwa kuogopa kuja, na kwa lile neno alilosema siku ya harusi juu ya pilau ya watu wa Chake Chake, ambalo Bi Duni hakuwa amelisikia, ikabidi waliongee mpaka tulipolipita daraja la pili. Gari ilikuwa ikiruka, na kila ikiruka neno lilikatika, wakaanza upya. Mwisho Bi Duni alisema, "Nimekuwia radhi. Mtikisiko utanitoa meno." Kisha akavua kanga ya juu, ile aliyokuwa amejitanda, akaikunja ndogo.

"Mtoto akitoka, apokelewe na hino. Si na kitambaa cha Waturuki. Hino ina jasho langu."

"Na wewe utajitanda nini?"

Kanga yangu mie ndiyo iliyotoka. Nilikuwa na buibui, sikuwa na udhuru.

Mkoani meli ilikuwa imetia nanga nje kidogo, mashua zinapeleka magunia ya karafuu, na zilikuwa zinakaribia kwisha. Jaribu aliruka gari haijasimama, akazuia mashua ya mwisho kwa kumshika mwenyewe ukosi. Mwatum akaingizwa, na pweza wake. Bi Duni alisimama ndani ya maji ya magoti, akiwa bado anaagiza: mkaja usikazwe sana, pilipili manga isiwe ya zamani, Hija asiachiwe kulala chumba kimoja na mzazi. Mwenye mashua akasukuma. Bi Duni alikuwa hajamaliza. Akaingia.

"Nasindikiza mpaka kwenye ngazi," alituambia, akinyanyua ungo.

Tuliwaona wanapanda ngazi ya meli, wa mbele Mwatum, wa nyuma Bi Duni akimuonesha kitu kwa kidole. Sanduku lilitaka kutazamwa, nadhani. Mashua ikafungua kamba ikarudi. Honi ikalia. Gulam, aliyekuwa amejifuta uso kwa taulo, akauliza, "Na yule mama mwengine?"

Meli ilikwishageuka. Juu, penye kizuizi cha pembeni, ungo ulionekana mweupe, unapungwa.

Bi Duni alirudi na meli ya juma lililofuata, amevaa viatu vya kiume vikubwa alivyopewa Unguja na mke wa karani mmoja. Alisema bahari haikumfanya kitu. Alisema alikaa na Mwatum usiku kucha meli kubwa ikingojewa, wakaagana tena vizuri, wameketi chini, wakila. Kwa hivyo Mwatum aliagwa mara mbili, na hapana wa kusema safari ile ilikuwa na tobo.

Alifika. Habari zilikuja na baharia mwengine, baada ya mwezi wa Ramadhani. Hija hakuwapo bandarini, alikuwa kazini kama alivyosema Jaribu, na Mwatum aliiweka bahari mkono wa kulia akaenda. Chombo cha kwanza alichouliza, mtu alinyanyua kidevu, na yeye hakupanda. Kengele ya cha pili ilipolia yeye alikuwa ameshaketi. Khairiya alimfungulia mlango na tumbo lake mbele. Alizaa baada ya hapo, mtoto wa kike, akapokelewa na kanga ya Tibirinzi.

Watu walikuwa wakimwendea Bi Duni kumpa hongera, na wengine walitaka awaeleze habari za safari, kwani naye sasa alikuwa msafiri. Yeye alikuwa na shauri moja tu, na alimpa kila aliyeuliza, awe anakwenda Unguja, Makka au popote.

"Ukimsindikiza mtu Mkoani," alisema, "vaa viatu kabisa."